Kuru: Ugonjwa Uliodhaniwa Kuwa Uchawi

Katika nyanda za juu za mashariki ya nchi ya Papua Guinea Mpya, upande wa Okapa, wanakaa watu waitwao Wafore. Nchi yao ni sehemu ya Melanesia, yaani visiwa vilivyo kaskazini na mashariki ya Australia. Ni nchi ya milima na misitu, na kazi yao tangu zamani ni kulima viazi vitamu na kufuga nguruwe. Katika karne ya ishirini walipatwa na msiba ambao yafaa kila kijana asomaye historia aujue.

Msiba huo ulikuwa maradhi waliyoyaita kuru, maana yake kutetemeka. Mgonjwa alianza kwa kuyumba katika mwendo wake, kisha mwili ukamtetemeka, akashindwa kusimama, kusema, hata kumeza chakula. Wengi walikufa kabla ya mwaka kwisha, wala hapakuwa na dawa. Waliokufa hasa walikuwa wanawake na watoto. Wanaume wazima walipatwa mara chache. Maradhi yalipozidi, katika miaka ya 1950, watu wapata 200 walikufa kila mwaka miongoni mwa Wafore na jirani zao. Vijiji vingine vilibaki na wanaume wengi kuliko wanawake, na watoto wengi hawakuwa na mama.

Wafore waliuliza, "Ni nani atuuaye?" Jibu lao lilikuwa kwamba ni mchawi. Walisema kwamba mchawi huiba kitu kilichotoka kwa mtu, kama vile makombo ya chakula, nywele au kucha, akakifunga katika majani pamoja na dawa zake, akanuiza maneno, kisha akalizika fundo lile penye tope. Kadiri lilivyooza, ndivyo mgonjwa alivyozidi kutetemeka. Kwa hiyo watu walificha makombo yao kwa uangalifu mwingi. Mtu alipougua, jamaa zake walipiga bao kumtafuta aliyemroga, na mara nyingi tuhuma ziliwaangukia wanaume wa vijiji vya jirani. Baadhi ya walioshukiwa waliuawa. Hivyo kifo kimoja kilizaa kingine, na kuru haikupungua. Katika mwaka wa 1962 na 1963 Wafore walifanya mikutano mikubwa, wakawasihi wachawi hadharani waache kuwaua wake zao, wasije wakaangamia wote.

Mwaka 1957 madaktari wawili, Vincent Zigas na Carleton Gajdusek, walianza kuuchunguza ugonjwa huo. Wataalamu walipoona unaandama jamaa fulani, wengi walidhani kwamba ni wa kurithi. Dhana hiyo nayo haikuwa sahihi. Tangu mwaka 1961 Robert Glasse na Shirley Lindenbaum, wachunguzi wa mila za watu, walikaa miongoni mwa Wafore wakawauliza wazee habari za nasaba zao. Wazee walikumbuka wagonjwa wa kwanza, na kwamba katika vijiji vingine kuru ilifika wao wakiwa hai. Ugonjwa wa kurithi usingeweza kuenea upesi namna hiyo.

Wazee walieleza pia desturi yao ya mazishi. Mtu alipokufa, jamaa zake waliula mwili wake. Hawakufanya hivyo kwa ukatili, bali kwa kumwomboleza na kumheshimu marehemu. Wanawake ndio waliokula zaidi, hata ubongo, nao waliwapa watoto wao wadogo. Wavulana waliokwisha kuhamia nyumba ya wanaume hawakushiriki sana, wala wanaume wazima. Hapo ikaeleweka kwa nini kuru iliwachagua wanawake na watoto. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga. Na Wafore walimtafuta adui katika kijiji cha jirani, kumbe alikuwa katika matanga yao wenyewe.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1966, ilipotangazwa kwamba sokwe waliotiwa ubongo wa watu waliokufa kwa kuru walipatwa na ugonjwa ule ule. Gajdusek alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Baadaye Stanley Prusiner alieleza kwamba maradhi ya namna hiyo huletwa na protini iliyoharibika umbo, iitwayo prioni, naye akatuzwa mwaka 1997. Desturi ile ilikwisha kukomeshwa karibu na mwaka 1960, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kuru. Lakini kwa kuwa ugonjwa huo uliweza kujificha mwilini hata zaidi ya miaka 50, watu wachache waliendelea kufa mpaka karne hii ya ishirini na moja.

Tusiwacheke Wafore. Walikuwa watu wenye akili, waliotafuta sababu ya msiba wao kwa bidii; na lau wazee wao wasingalisema waliyoyakumbuka, wataalamu wangalikawia sana kuupata ukweli. Walakini swali la "nani?" liliwapeleka kwenye damu, na swali la "nini?" likaokoa watoto wao.

Wala jambo hili halijakwisha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1971 iliruhusu hofu ya uchawi iwe utetezi wa kumpunguzia muuaji hatia. Mwezi wa Februari 2013, katika mji wa Mount Hagen, mwanamke kijana aliyetuhumiwa kumroga mtoto alichomwa moto akiwa hai mbele ya umati wa watu. Mwaka huo huo sheria ile ikafutwa. Kufuta sheria ni kazi ya siku moja. Kuiondoa hofu mioyoni mwa watu ni kazi ndefu, nayo huanza pale mtu mmoja aliyefiwa anapokataa kumnyoshea jirani yake kidole kabla hajajua kilichomwua ndugu yake.