Mbolea ya Kuku: Ujuzi Tuliorudi Nao



Kuko swali ambalo linaulizwa sana hapa Songo: kwa nini tunahangaika na mavi ya kuku wakati mbolea ya kiwanda inauzwa sokoni? Wengine wanaongeza kwamba ile ni mbolea ya kambini, mbolea ya maskini. Jibu lake linatoka kwenye historia yetu wenyewe.

Wazee wetu, Wavira, Wafuliru, Wabembe na wengine, hawakuwa na haja kubwa ya kubeba mbolea mpaka shamba la mbali. Ardhi ilikuwa nyingi. Shamba likichoka waliliacha lipumzike, wakafyeka lingine. Lakini karibu na nyumba mambo yalikuwa mengine: majivu ya jikoni, maganda na takataka za kufagia vilitupwa kwenye migomba. Ng'ambo ya Ruzizi, mtu aliyepewa ng'ombe kwa mapatano ya ubugabire alipata maziwa, na alipata pia samadi, ile Warundi wanaita ifumbire. Kwenye kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, watu walikuwa wengi mpaka nafasi ya kupumzisha shamba ikakosekana. Walifunga ng'ombe nyumbani, wakawaletea majani, wakabeba samadi shambani. Kanuni ni moja: ardhi ikipungua, mbolea inapanda cheo.

Kwetu ardhi ilipungua kwa vita. Oktoba 1996, Uvira ilipoanguka mikononi mwa AFDL, maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule, Lugufu ikafuata 1997. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Posho ilikuwa unga, maharagwe na mafuta. Mboga kila mtu ajitafutie. Kilichobaki ni kipande kidogo nyuma ya nyumba, na njo pale wamama wengi walijifunza kulima lengalenga mahali ambapo babu zao wasingepanda hata mgomba mmoja. Kipande kama kile hakipumzishwi. Lazima kilishwe.

Dunia nayo ilikuwa imepita njia mbili. Mwaka 1913, Ujerumani ilianza kutengeneza amonia kiwandani kutoka hewani, na mbolea ya chumvichumvi ikaenea kote. Kati ya 1924 na 1931, Mwingereza Albert Howard alikuwa Indore, India, akipanga vizuri mambo ambayo wakulima wa Asia walikuwa wanafanya tangu zamani: kurundika samadi na majani kwa tabaka, kumwagia maji, kugeuza, kungoja. Njia ya kwanza inataka pesa. Ya pili inataka mikono na subira.

Kuanzia Oktoba 2005, meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Wengi walikuta parseli zimegawanywa au zimekaliwa na wengine. Kisha Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuacha mawe na mchanga pahali palipokuwa na udongo. Mwaka 2022 bei ya mbolea ya kiwanda ikapanda dunia nzima. Basi mtu mwenye mita chache za mchanga na hana pesa, afanye nini?

Mavi ya kuku yana nguvu kuliko ya ng'ombe, sababu kuku hana mkojo wa mbali: vyote vinatoka pamoja, na nitrojeni inabaki humo. Nguvu ile ile inaunguza mche yakiwekwa mabichi. Tena yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na mboga yetu inaguswa na udongo. Kwa hiyo tunachanganya ndoo 1 ya mavi na ndoo 2 au 3 za makapi ya mpunga au majani makavu. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ndani lipate joto la 55 mpaka 65, lile ambalo mkono hauvumilii. Tunaligeuza kila joto likishuka, kisha tunaliacha lipoe na kukomaa, miezi 2 mpaka 3. Harufu ikichoma pua, makapi hayatoshi. Likinuka udongo wa mvua, liko tayari. Asiyeweza kungoja, afukie mabichi miezi 4 mbele ya kuvuna.

Shida iko moja ya kweli: kuku watano wa nyumbani hawajazi lundo, na lundo dogo halipati joto. Hapo tunaweza kutumia desturi yetu ya likelemba. Tunapoweka pesa zamu kwa zamu, tuweke na ndoo: wiki hii nyumba kumi zinajaza lundo la mama mmoja, wiki ijayo la mwingine. Na kwa wafadhili wetu: mfuko wa urea tunaupokea kwa shukrani, lakini unaisha na msimu. Usafiri wa makapi kutoka bonde la Ruzizi, na chanjo ya kideri ili kuku wasife, vitatusaidia muda mrefu zaidi.

Watu husema mkimbizi anarudi mikono mitupu. Hawa wamama walirudi wakijua kulisha udongo mdogo, na leo Uvira nzima ina udongo mdogo.