Vijana wa Ithaca, Wahitimu wa Louisville

Baada ya kipindi chetu cha maisha ya chuo, msikilizaji mmoja aliyeko mwaka wa pili alitutumia ujumbe wa sauti. Yeye na wenzake watano wanataka kufungua tawi la fraterniti ya Weusi kwenye chuo chao, ambacho hakijawahi kuwa nalo. Wameambiwa kwanza watafute wahitimu wa kuwasimamia. Akauliza, kwa hasira kidogo: kwa nini watu wa umri wa baba zetu waamue mambo yetu? Mimi si mwanachama wa chama chochote cha herufi, shemeji yangu ndiye, lakini historia hii naipenda, na jibu la huyu kijana limo ndani yake.

Kwanza tuelewane maneno. Fraterniti ni chama cha udugu cha wanachuo wanaume, kinachojiita kwa herufi za Kigiriki. Cha wanawake huitwa sororiti. Vya Wamarekani Weusi vinavyojulikana zaidi viko tisa. Mama yangu, mtu wa Tanga, aliposikia kwamba shemeji ana chama chenye nyimbo zake, viapo vyake na ishara za mikono, aliuliza swali moja tu: "Hao si Frimasoni?" Nyinyi mliolelewa na wazazi wetu mnalijua swali hilo na uso unaokuja nalo. Nilimwambia afikirie rika, au jando: watu wanapita mahali pamoja, wakitoka ni ndugu mpaka kaburini. Hakuridhika sana, ila aliacha kuuliza.

Sasa tuende Ithaca, mji mdogo wenye baridi kali katika jimbo la New York, kilipo Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka wa masomo 1904-1905 palikuwa na wanafunzi Weusi sita ambao mwaka uliofuata hawakurudi. Wote sita. Chuo kiliwapokea darasani, lakini ukitoka darasani maisha yalikuwa ya Wazungu. Nyumba za fraterniti ndizo zilizokuwa malazi, meza ya chakula, urafiki, na watu wa kukuelekeza ukikwama kwenye somo. Vijana Weusi waliziingia nyumba hizo kwa mlango wa jikoni, maana baadhi yao walikuwa wakihudumu mezani humo ili wapate kujilipia masomo. Waliona kila kitu wakiwa wameshika sahani.

Waliobaki walianza kukutana, wakipokewa na familia za Weusi za mjini. Mwanzoni ilikuwa jumuiya ya kusoma na kujadili vitabu. Aliyewaongoza, C. C. Poindexter, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, mkubwa kuliko wao, na alitaka ibaki hivyo hivyo. Wadogo wakataka fraterniti. Wakabishana karibu mwaka mzima, kisha tarehe 4 Desemba 1906 ikawa fraterniti, Alpha Phi Alpha. Poindexter hayumo katika orodha ya waanzilishi saba. Nadhani lile ndilo fundisho lao la kwanza kuhusu wakubwa: wakati mwingine unawasikiliza vizuri kabisa, halafu unafanya ulilotaka.

Kati ya wale saba, Vertner Tandy alikuja kuwa msanifu majengo aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, na Henry Callis akawa daktari. Lakini wa kufuatwa katika habari hii ni Eugene Kinckle Jones. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1885, baba yake akiwa mwalimu wa chuo. Shahada yake ya kwanza aliichukua hapo hapo Richmond, katika Chuo Kikuu cha Virginia Union, ndipo akaenda Cornell kuongeza masomo. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi na mhitimu kwa wakati mmoja.

Desemba 1907, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa, Alpha Phi Alpha ilifungua matawi mawili: Beta katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na Gamma huko Virginia Union. Jones alikuwa katikati ya kazi hiyo yote. Tazama alivyofanya Richmond. Hakwenda kama mgeni wa kuhubiri. Alirudi chuoni kwake, kwa walimu waliomfundisha, katika mji ambao jina la baba yake lilitosha kufungua mlango, akiwa amebeba kitu alichokiona mbali. Yaani tawi la tatu katika historia ya fraterniti hii lilianzishwa kwa mkono wa mhitimu wa chuo kile kile, mwenye umri wa miaka 22.

Halafu Toronto. Mwaka 1908 walivuka mpaka wakafungua tawi la Delta katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Ni jambo kubwa kwa kundi la vijana ambao miaka miwili nyuma walikuwa wanabishana kuhusu vitabu. Lakini Delta ile haikudumu. Baada ya miaka michache ilikuwa imekwisha, na leo jina la Delta linabebwa na tawi la Huston-Tillotson, chuo cha Weusi kilichoko Austin, Texas. Mimi nimekulia mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba herufi ile ya kwetu iliwahi kuwa Kanada.

Tofauti ya Howard na Toronto, kwa maoni yangu, haikuwa juhudi. Howard kulikuwa na wanafunzi Weusi kila mwaka, na mji wenye walimu, makasisi, madaktari na makarani Weusi wa serikali. Waliohitimu hawakwenda mbali. Toronto wanafunzi Weusi walikuwa wachache mno, na mwanachuo akihitimu anaondoka na ufunguo mfukoni.

Dawa ilipatikana Kentucky. Mwaka 1911, mjini Louisville, ambako Jones naye alikuwa amefundisha, lilifunguliwa tawi lisilo la wanafunzi hata kidogo. Lilikuwa la watu waliokwisha maliza chuo, wana kazi, wengine wana watoto. Liliitwa Alpha Lambda, na tangu hapo matawi ya wahitimu wa Alpha Phi Alpha huishia na neno Lambda, ili mtu akisikia jina ajue hawa ni wakubwa. Vyama vingi vya Wazungu viliwaona wahitimu kama watu wa kualikwa kwenye sherehe na kuombwa michango. Hawa walisema hapana, uanachama hauishi siku ya mahafali. Unahama tu tawi. Hata ukifa: ndugu aliyefariki husemwa ameingia tawi la Omega, na kwa sababu hiyo hakuna tawi la walio hai linalopewa jina hilo peke yake. Mama nilipomweleza hili ndipo alipolegea kidogo. Kuhesabu wafu miongoni mwa watu wa nyumba ni jambo analolielewa.

Basi ndiyo maana yule kijana ametumwa kwa wakubwa. Kwa kawaida leo safari huwa hivi: wanafunzi wenye nia wanajikusanya, wanalitafuta tawi la wahitimu lililo karibu, na tawi hilo likikubali linatoa mshauri atakayesimama nao. Makao makuu yanaangalia alama za masomo, idadi ya watu na ada. Chuo nacho kina masharti yake ya kutambua vyama. Hati ya tawi hutolewa mambo hayo yakikamilika. Ni polepole, na inachosha. Mshauri ndiye anayebaki mjini wakati wanafunzi wote sita wamekwisha hitimu na kutawanyika, na ndiye anayejua hati iko kwenye kabati gani.

Lakini kijana ana haki ya kuuliza, kwa sababu wakubwa hawaji bure. Mfano ninaoupenda ni wa wanawake. Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza ya Weusi, ilianzishwa Howard mwaka 1908. Kufikia 1912 waanzilishi walikuwa wamehitimu, na wanafunzi waliokuwepo, wakiongozwa na Myra Davis, wakaamua kubadilisha jina, rangi na alama, na kukielekeza chama zaidi kwenye mambo ya umma. Walikuwa wengi, ndio wenye chama, au walidhani hivyo. Habari zikamfikia Nellie Quander, aliyekuwa amehitimu mwaka huo huo na amewahi kuwa kiongozi wao. Akakataa. Akawasiliana na wahitimu wenzake, na tarehe 29 Januari 1913 chama kikaandikishwa kisheria kwa jina lake la zamani, ili pasiwe tena na kundi la wanafunzi linaloweza kuamka siku moja na kukifuta.

Wale wasichana ishirini na wawili hawakungoja ruhusa. Tarehe 13 Januari, wiki mbili kabla ya hati ile kutoka, walikuwa wamekwisha anzisha chama chao, Delta Sigma Theta, na tarehe 3 Machi walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya kudai kura ya wanawake. Hapo nani alikuwa sahihi? Nimebadilisha mawazo mara tatu. Quander alikiokoa chama ambacho leo kina maelfu ya wanachama, akiwemo Kamala Harris. Wasichana nao walikuwa sahihi kwamba dunia ilikuwa nje ya ukumbi. Ninachokiona ni kwamba ugomvi wenyewe usingewezekana kama wahitimu wangekuwa wamekwenda zao. Chama kingebadilishwa jina na hakuna ambaye angekumbuka.

Na kuna kazi ambazo wanafunzi hawaziwezi hata wakiwa na moyo wa simba. Mwaka 1935 kijana Donald Gaines Murray alinyimwa nafasi katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland kwa sababu ya rangi yake. Alpha Phi Alpha ndiyo iliyoanza kuishughulikia kesi hiyo, ikimtumia wakili wake Belford Lawson. Ilipofika mahakamani waliosimama walikuwa Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall, wote wawili ndugu wa chama hicho. Walishinda. Fedha, mawakili, subira ya kungoja rufaa: hivyo ni vitu vya watu wenye mishahara.

Marshall huyo huyo, kwa wale wa Kenya, ni wetu kidogo. Januari 1960 Tom Mboya alimwalika kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na huko akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya. Kabla ya hapo alipita Kenya. Kwa simulizi yake mwenyewe, wakuu wa serikali ya kikoloni walimkataza kuhutubia watu Kiambu, akaomba aseme neno moja tu. Alisema "Uhuru!" na umati ukalipuka. Huenda ndilo neno la Kiswahili lililowahi kumfaa kuliko yote.

Sitaki kuwapamba wakubwa hawa kupita kiasi. Kwa miongo mingi walijua, au walikataa kujua, vipigo walivyopewa wanafunzi wapya kwa jina la majaribio. Mwaka 1989 mwanafunzi alifariki katika chuo cha Morehouse, na mwaka 1990 vyama hivi vikaondoa rasmi kile kipindi cha majaribio. Rasmi, nasema, maana vipigo vya kificho havikuisha siku hiyo. Waliosoma bweni Kenya wanajua jinsi kidato cha kwanza wanavyopokelewa, na wanajua pia jinsi ambavyo anayeteswa leo huwa mtesaji mwakani. Mshauri mzuri ni yule anayefika usiku bila taarifa. Msikilizaji wangu, wewe unayekasirikia usimamizi, hilo pia ndilo jukumu lao.

Nikiwa chuoni tulikuwa na chama cha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Kila Septemba viongozi wapya waliandika katiba upya kutoka mwanzo, kwa sababu hakuna aliyejua ya zamani iko wapi. Kila Aprili tulifanya usiku wa utamaduni, pilau ya watu mia mbili, na kanga za kuazima kwa kina mama wa mjini. Mwaka wa tatu baada ya mimi kuhitimu, nafasi ya mweka hazina ilikosa mtu, na benki ikafunga akaunti iliyokuwa na dola mia nne na kitu. Chama kikaishia hapo. Nimewahi kuangalia orodha ya vyama vya chuo kile mwaka huu: hakimo. Wanafunzi wa kwetu wamo, nimewaona kwenye picha za mahafali wamejifunga bendera.

Jones alikuwa na miaka 22 alipofika Howard na Richmond, na wale wa Louisville wengi wao walikuwa vijana tu wenye kazi mpya. Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja lina watu 41. Mdogo wetu ana miaka 31. Ujumbe wa mwisho humo ni wa bei za tiketi za Dar mwezi Desemba.