Jina Juu ya Mlango

Kaskazini mwa Dublin, pembeni kabisa mwa makaburi ya Glasnevin, kuna baa ya John Kavanagh. Ilifunguliwa mwaka 1833, mwaka mmoja tu baada ya makaburi yenyewe, na mpaka leo iko mikononi mwa ukoo uleule. Wenyeji huiita "Wachimba Kaburi". Husimuliwa kwamba wachimbaji wa zamani, koo zikiwakauka, waligonga ukuta kwa sepetu, na mwenye baa akajua ni pinti ngapi zinatakiwa upande wa pili. Ndani hakuna televisheni wala muziki. Mtu aliyezoea baa za Nairobi au Dar es Salaam, ambako spika hutikisa glasi mezani, anaweza kudhani umeme umekatika. Kumbe hapo ndipo biashara ilipo: watu wanauziwa nafasi ya kusikilizana.

Waingereza waliliita jengo la namna hii nyumba ya umma, na jina hilo likafika Ayalandi pamoja na sheria zao. Lakini Waayalandi walilishika zaidi neno la kwanza. Kwao ni nyumba, ina mwenyewe, na jina lake limeandikwa juu ya mlango. Anayeingia ni mteja kwa sababu analipa, na ni mgeni kwa sababu ataulizwa habari za mama yake. Hali hizo mbili zimekuwa zikivutana kwa karne nyingi, na mvutano huo ndio uliozipa baa hizi sura yake.

Mzizi wake ni wa kale kuliko bia yoyote inayouzwa leo. Sheria za Waayalandi zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8 zinamtaja mtu aliyeitwa briugu, tajiri ambaye wajibu wake ulikuwa kumlisha na kumlaza kila apitaye. Sufuria yake haikutakiwa kukauka. Kwa kazi hiyo alipewa hadhi ya kulinganishwa na ya mfalme mdogo, na akimfukuza mgeni hadhi hiyo ilipotea. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Briugu hakuwa na ruhusa hiyo.

Je, kuna baa inayotoka moja kwa moja enzi hizo? Sean's Bar, mjini Athlone, hudai kwamba ilianza mwaka 900. Brazen Head ya Dublin hutaja mwaka 1198, ingawa jengo lenyewe ni la karne ya 18. Mimi umri wa baa huupokea kama ninavyoupokea umri wa babu wa kijijini: kwa heshima, bila kudai cheti.

Mwaka 1635 Bunge la Dublin, lililokuwa chini ya taji la Uingereza, lilitunga sheria ya leseni kwa wauza bia. Mwaka 1661 pombe kali nayo ikatozwa kodi. Hapo ndipo mteja wa Ayalandi alipogawanyika mara mbili: wa mlango wa mbele na wa mlango wa nyuma. Milimani watu waliendelea kupika poitín, ndugu wa damu wa gongo na chang'aa, na kuiuza katika vibanda visivyo na leseni walivyoviita síbín. Poitín ilikuja kuruhusiwa kuuzwa nchini mwake mwaka 1997, baada ya zaidi ya karne tatu za kufukuzana na askari. Neno síbín lilisafiri mbali zaidi: lilivuka bahari hadi Afrika Kusini likawa shebeen, na vitongoji vya Waafrika vikalifanya lao, tena kwa sababu ileile, yaani serikali iliyotaka kuamua nani anywe nini na wapi.

Tarehe 31 Desemba 1759 Arthur Guinness alitia sahihi mkataba wa kupanga kiwanda cha St James's Gate kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kwa mwaka. Bia nyeusi ya shayiri iliyochomwa haikuwa uvumbuzi wake; ilikuwa mtindo wa London. Lakini ndiyo iliyokuja kutawala kaunta za Ayalandi, na ndiyo iliyotufikia hata sisi: chupa za Guinness zinazonywewa Kenya hutengenezwa Kenya hukohuko.

Nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilikaribia kuziua baa hizi. Mwaka 1838 padri Theobald Mathew alianza mjini Cork kampeni ya kuwaapisha watu waache pombe kabisa, na katika miaka michache walioapa walihesabiwa kwa mamilioni. Kisha, kuanzia mwaka 1845, ikaja njaa ya viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakapanda meli. Huwezi kuandika historia ya baa ya Ayalandi bila meli hizo, kwa sababu sehemu kubwa ya historia yake ilitokea ng'ambo.

Waliobaki walijenga aina ya baa inayopendwa kupigwa picha leo. Sheria ya mwaka 1872 ilimtaka mwenye leseni aandike jina lake nje ya nyumba, na ndiyo maana unapopita miji ya Ayalandi unasoma majina ya koo barabara nzima. Mashambani, kaunta moja haikumtosha mwenye jina hilo kuishi, kwa hiyo upande mmoja aliuza chai, sukari, misumari na mbegu, na upande wa pili akamimina bia. Wengine waliuza na majeneza. Baa ya McCarthy's, katika mji mdogo wa Fethard, jimbo la Tipperary, bado inafanya kazi tatu: kunywesha, kulisha na kuzika. Mteja wa baa kama hiyo alikopeshwa sukari na mtu aliyejua deni la baba yake, na ambaye siku moja angempima urefu kwa ajili ya sanduku. Ukaribu huo una joto lake. Una na mzigo wake pia, maana mahali unapojulikana hivyo huna pa kujificha.

Pa kujificha, hata hivyo, palitengenezwa. Katika baa nyingi palijengwa kichumba cha mbao karibu na kaunta, chenye mlango wake na kidirisha cha kupitishia glasi. Humo aliingia padri, polisi aliye zamu, wachumba wanaokwepa macho ya wazazi, na zaidi ya wote wanawake. Crown Liquor Saloon ya Belfast, ambayo tangu mwaka 1978 inamilikiwa na shirika la kuhifadhi urithi la National Trust, bado ina vichumba kumi vya namna hiyo, na kengele za kumwita mhudumu. Watalii huviona vya kupendeza, na ni vya kupendeza kweli. Lakini vilikuwa pia mpaka. Mwanamke aliyeketi humo aliambiwa, bila mtu kufungua kinywa, kwamba ukumbi mkubwa si wake.

Nchi ilipopata serikali yake, serikali hiyo nayo ikashika saa mkononi. Sheria ya mwaka 1927 iliziamuru baa za miji mikubwa zifungwe saa nzima kila alasiri ili wafanyakazi warudi kazini. Watu wakaipachika jina la kejeli, "saa takatifu". Ilidumu hadi mwaka 1988. Ijumaa Kuu baa zilifungwa kutwa, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2018 tu. Ila sheria ya zamani iliacha upenyo mmoja: msafiri wa kweli, aliyelala umbali wa maili tatu au zaidi, angeweza kuhudumiwa saa zilizokatazwa, na kwa Dublin zilitakiwa maili tano. Matokeo yake mtu yeyote angeweza kuyatabiri. Watu wa kijiji hiki walipanda baiskeli kwenda kunywa kijiji kile, na barabarani wakapishana na wa kijiji kile wakija huku, wote wasafiri wa kweli.

Katika miaka hiyohiyo ya katikati ya karne ya 20 ndipo yalipozaliwa mambo mengi tunayoyadhani ya kale. Chukua pinti yenyewe. Mhudumu huinamisha glasi, hujaza karibu robo tatu, huiacha itulie, hugeuka kuzungumza na mtu mwingine, kisha hurudi kuimalizia. Mgeni asiyejua hufikiri amesahauliwa. Zamani desturi hiyo ilitokana na mapipa mawili, moja lenye bia changa inayofura na jingine lenye bia iliyotulia. Mapipa hayo yaliondolewa na Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa na kiwanda cha Guinness, ambaye mwaka 1959 alifanikisha kuichanganya bia na gesi ya naitrojeni ili itoke pipa moja na povu lake laini. Pipa la pili likaondoka, kungoja kukabaki. Nadhani kulibaki kwa sababu dakika hizo mbili ndizo za kusalimiana.

Muziki nao ni vivyo hivyo. Fidla na filimbi zilipigwa majumbani, jikoni na njia panda, si baa. Sheria ya mwaka 1935 ya kumbi za dansi ilizibana ngoma za majumbani, na vijana waliohamia London kujenga barabara na nyumba walijikuta katika vyumba vya kupanga visivyo na jiko la kukusanyikia. Wakaenda baa za Camden na Holloway, na huko, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaanza kupiga pamoja kwa ajili yao wenyewe. Mtindo ukarudi nyumbani. Kufikia mwaka 1962 kundi la The Dubliners lilikuwa likichipuka katika baa ya O'Donoghue's, Dublin. Mtalii anayefumba macho na kuisikia Ayalandi ya kale anasikia kilio cha vibarua wa London.

Na wanawake? Hadi miaka ya 1970 baa kadhaa za Dublin zilikataa kumuuzia mwanamke pinti. Nusu glasi, labda. Mwandishi Nell McCafferty na wenzake wapatao thelathini waliingia baa moja ya katikati ya mji, kila mmoja akaagiza brandi, wakahudumiwa. Kisha wakaagiza pinti moja. Walipokataliwa walikunywa brandi zao, wakasema hawalipi kwa kuwa agizo halikukamilika, wakaondoka. Sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo ilipatikana mwaka 2000.

Kuanzia miaka ya 1990 baa ya Ayalandi ikawa bidhaa ya kusafirishwa nje. Kampuni za Dublin zilichora mitindo michache, ya duka la kijijini, ya nyumba ya shamba, ya enzi ya Malkia Victoria, zikapakia kaunta, viti na mitungi ya zamani ndani ya makontena na kuyapeleka makumi ya nchi. Vitu vyote vilifika isipokuwa mtu anayejua deni la baba yako.

Nyumbani, wakati huo, mambo yalikuwa yakienda kinyume. Tarehe 29 Machi 2004 Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo. Wateja wakahamia barabarani na moshi wao, wakapata mahali papya pa kufahamiana. Mwaka 2011 kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva kilishushwa. Hatua hiyo iliokoa maisha, na iliwaacha wazee wa mashambani, wasio na basi wala teksi, wakitazama ukuta. Bia ya dukani ni rahisi zaidi na vijana wamehamia mijini. Tangu mwaka 2005 baa zipatazo 2,000 zimefungwa, nyingi za vijijini.

Mwaka 2018 serikali ilijaribu mabasi ya jioni katika baadhi ya majimbo. Kwingineko wenye baa wamelitatua tatizo hilo la usafiri wenyewe: usiku ukikomaa, mwenye jina juu ya mlango anafuta kaunta, anachukua funguo za gari, na kuwarudisha wateja wake mmoja mmoja hadi getini kwao. Haulizi anwani.