Banteay Srei: Hekalu la Mawe Mekundu

Hekalu hili lilizinduliwa mwaka 967, kaskazini-mashariki mwa Angkor, nchini Kambodia. Halikujengwa na mfalme, bali na Yajnavaraha, mwanazuoni na mshauri wa Mfalme Rajendravarman II, kwa heshima ya Shiva, mungu wa Kihindu. Jina lake la leo lina maana ya "ngome ya wanawake".

Ujenzi
Minara mitatu imejipanga juu ya jukwaa moja. Mrefu kuliko yote hauzidi mita 10, na mtu mzima angelazimika kuinama kupita mlangoni. Mchangamawe wake mwekundu huchongeka kama mti, ndiyo maana mafundi waliujaza nakshi kila mahali.

Tazama kwa karibu
Inua macho uone nakshi iliyo juu, upande wa mashariki wa jengo la kusini liitwalo maktaba. Ravana, jitu lenye vichwa na mikono mingi, anautikisa mlima Kailasa. Wanyama wanatimka kwa hofu. Kileleni, Uma amemng'ang'ania mumewe Shiva, aliyetulia tuli.

Kuanguka na kuinuliwa
Mwaka 1923 Mfaransa André Malraux aling'oa sanamu hapa. Alikamatwa, nazo zikarudishwa. Kati ya 1931 na 1936 mhifadhi Henri Marchal alilisimamisha upya hekalu lililokuwa limeanguka, jiwe kwa jiwe, kila moja mahali pake pa asili. Tangu 1992 Angkor, pamoja na hekalu hili, ni Urithi wa Dunia.

Tafadhali usiguse nakshi. Zimedumu zaidi ya miaka 1,000. Tuwaachie na wajukuu wazione.