Pakacha, Si Mkokoteni

Mama mmoja wa Korogwe alisubiri iliki yake siku tatu. Siku ya nne akampigia simu mpwa wangu, mwenye duka, akaanza kwa upole: "Mwanangu, hujambo? Huo mkokoteni umekwama wapi?" Mpwa wangu anauza viungo vya Muheza, iliki na mdalasini na pilipili manga kutoka milima ya Amani, na mwezi huo ndio kwanza alikuwa amefungua duka lake mtandaoni. Mkokoteni hana. Vifurushi vyake hupelekwa stendi, vikakabidhiwa kwa kondakta wa basi, na mteja akapigiwa simu akapokee. Akamwuliza mama ni mkokoteni gani huo. Mama akamsomea kama alivyoona kwenye simu yake: "Bidhaa zako zipo kwenye mkokoteni." Basi alikuwa amekaa barazani kwake akiutazamia utokeze kwenye kona.

Mpwa wangu alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Mama wa Korogwe alisoma Kiswahili akakielewa kama kilivyoandikwa, wala hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeandika, na nyuma ya aliyeandika kuna orodha ya istilahi, na nyuma ya orodha kuna kamati ambayo adabu inanizuia kuitaja. Orodha hiyo niliiona zamani, kabla mpwa wangu hajajua hata kupima gramu mia za iliki. Niliandika barua kuipinga. Sikujibiwa. Niliandika ya pili. Nikajibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa.

Tuanze na neno lenyewe. Mkokoteni umetoka kwenye kokota, kuvuta kitu kizito kwa nguvu, na mkokoto ni ile alama inayobaki ardhini kitu kikishapita. Mimi kila nikilisikia neno hili nasikia na amri ndani yake, kama njooni, kama simameni: kokoteni! Ni neno la jasho. Kijana wa Kariakoo amefunga marobota kwa kamba, amejikaza katikati ya mikono miwili ya mbao, anapiga kelele apishwe. Kitu kikishafika juu ya mkokoteni kimeondoka dukani: kimehesabiwa, kimelipiwa, kina mwenyewe, kipo njiani. Sasa neno la namna hiyo utalipaje kazi ya kutaja mahali ambapo bidhaa bado haijalipiwa, haijafungwa, haijatoka rafuni, na huenda mteja akaighairi kwa kidole kimoja? Maana zote mbili zinapingana uso kwa uso. Kamati haikukosea kidogo, imekosea kwa upande wa pili kabisa wa malipo.

Wapo waliojaribu kuokoa jahazi kwa kusema toroli. Toroli kwetu ni la mchanga na zege. Tuendelee.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata katika Kiingereza, ambako neno lilitafsiriwa kutoka, asili yake si mkokoteni. Mwaka 1916, mjini Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mnunuzi aliingia mwenyewe kati ya rafu, akachagua kwa mkono wake, akaenda kulipa mlangoni. Alipewa nini cha kubebea? Kikapu. Mwaka 1937, katika jiji la Oklahoma, mwenye maduka mwingine, Sylvan Goldman, aliona kwamba kikapu kikishakuwa kizito mnunuzi huacha kununua. Akachukua umbo la kiti cha kukunja, akakitia magurudumu, akapachika vikapu viwili vya waya, kimoja juu na kimoja chini. Hicho ndicho kigari cha Wamarekani: vikapu vilivyopandishwa juu ya kiti. Waingereza, ambao lugha ni yao, wakifungua duka mtandaoni aghalabu huandika kikapu. Wafaransa husema panier, kikapu. Wajerumani husema Warenkorb, kikapu cha bidhaa. Kamati yetu ikaona dunia nzima imebeba vikapu, ikaenda kukodi mkokoteni.

Hapo msomaji atasema: basi na tuseme kikapu, yaishe. Wapo wasomi wazuri wanaosema hivyo, na mmoja wao tulisoma naye. Siwadharau. Lakini hawajawahi kwenda sokoni na mama zao, au walikwenda wakiangalia mambo mengine.

Neno duka tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao dukkan lilikuwa pia na maana ya kibaraza cha kukalia. Na duka letu limebaki na ubaraza huo hadi leo. Mteja husimama nje ya wavu wa chuma, husema "nipe sukari nusu, na majani ya chai, na kiberiti," mwenye duka hugeuka, hupima, hufunga, huweka juu ya meza, hesabu inatajwa, pesa inapita tunduni, ndipo mzigo unatoka. Kati ya rafu na malipo hakuna chombo chochote cha mteja. Sokoni je? Sokoni kapu lipo, lakini ni kapu la mama, limeshonwa kwa ukili, limetoka nyumbani na litarudi nyumbani, na nyanya haiingii humo mpaka imelipiwa. Ukitumbukiza nyanya kapuni kabla ya kulipa, utasikia utakachoitwa. Kwa hiyo kapu nalo, kwa adabu zake zote, ni chombo cha baada ya malipo. Limekosea kwa upole zaidi kuliko mkokoteni, lakini mlango ni ule ule.

Chombo cha kabla ya malipo tunacho. Ni pakacha.

Babu yangu alikuwa na minazi Pangani. Mnunuzi wa madafu au machungwa akija shambani, babu hakuuliza kama amekuja na kitu cha kubebea. Alimtuma mtoto, aghalabu mimi, kukata kuti bichi. Alilipasua uti katikati kwa panga, vikawa vipande viwili, akavikutanisha ncha kwa ncha kuwa mdomo, kisha majani akayasuka kwenda chini, jani hili juu ya lile, mpaka yakakutana kitakoni, akayafunga kwa msuko mmoja mnene kama wa nywele. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Mnunuzi akawa anatia machungwa, anatoa lililotobolewa na ndege, anatia jingine, anahesabu, anabadili mawazo. Babu amekaa tu. Machungwa yamo pakachani lakini ni ya babu. Wakikubaliana bei, pakacha linanyanyuliwa. Wasipokubaliana, machungwa yanamwagwa, pakacha linaachwa chini ya mti, na siku ya pili limeshaanza kunyauka.

Yeyote aliyewahi kuangalia jinsi duka la mtandaoni linavyofanya kazi ataona kwamba nimemaliza kulieleza. Chombo kile husukwa mteja anapoingia, kwa ajili yake peke yake. Vilivyomo havijapunguzwa kwenye bohari, vinapunguzwa malipo yakithibitishwa, au baadhi ya maduka huvishikilia kwa dakika chache. Mteja akiondoka bila kulipa, chombo hukaa siku kadhaa, halafu hunyauka. Na wenye maduka husumbuliwa sana na vyombo vilivyoachwa chini ya mti namna hiyo. Kuna istilahi gani nyingine iliyobeba yote hayo, na bado ikawa na silabi tatu?

Nililisema hili katika mkutano mmoja Dar es Salaam, ukumbini penye baridi ya kutetemesha na maji ya chupa mbele ya kila mjumbe. Bwana mmoja, mshairi kwa cheo alichojipa, alisimama akasema pakacha ni neno la wavuvi, kisha akanirushia methali: "Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi." Ukumbi ukaangua kicheko. Je, wateja wamwagikiwe bidhaa njiani? Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Kwa kuwa hapa mwenyekiti hayupo, najibu. Mteja aliyeweka iliki pakiti tano, akaona jumla, akatoa mbili, akaona jumla tena, akashusha pumzi: hiyo si nafuu kwa mchukuzi ni nini? Methali imelieleza duka la mtandaoni kabla halijakuwapo. Bwana yule alinipa hoja yangu bora kabisa, na sijamshukuru mpaka leo.

Hoja nyingine ilikuwa kwamba watu wa bara hawalijui pakacha. Hii ina uzito, na sitaki kuikwepa. Najua yaliyolipata neno ngamizi: wakubwa walilitunga, watu wakaendelea kusema kompyuta. Lakini ngamizi ilitaka watu waache neno walilokuwa nalo mdomoni. Kwa chombo hiki hakuna neno lililoshika mizizi bado, kuna kubabaisha tu. Na bara limepokea maneno ya pwani mengi mazito kuliko hili. Tena lugha yetu haikungoja vikao. Wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliacha jina la kikosi chao Dar es Salaam, wenyeji wakalizungusha ulimini mara chache, likawa Kariakoo, na leo nchi nzima inakwenda kununua huko. Hakuna aliyeandika muhtasari wa kikao.

Isitoshe, pakacha lina majirani wazuri. Tumeshakubali kupakia na kupakua kwa mambo ya kompyuta, na sikio la Mswahili likisikia pakacha linasikia hayo ndani yake, wataalamu wa nasaba za maneno wakitaka wakubali, wasipotaka wakatae.

Menyu ya duka la mpwa wangu mtandaoni, nikiri, ina mengine. Palipotakiwa kusemwa kwamba bidhaa ipo paliandikwa "iko katika hisa," kana kwamba iliki imeorodheshwa kwenye soko la mitaji. Palipotakiwa "peleka kwa" paliandikwa "Meli kwa," na mama wa Korogwe akajaza Korogwe, mji usio na bahari. Haya ni ya mashine, yanasameheka. Mkokoteni ulipigiwa kura na binadamu.

Matumizi ni mepesi: weka pakachani, toa pakachani, pakacha lako, pakacha tupu, lipia.

Jioni moja nilimkuta mpwa wangu sebuleni anapiga picha pakiti zake juu ya kitambaa cheupe, mizani pembeni, daftari la hesabu wazi, taa ya simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa. Shikamoo, marahaba. Nikamwuliza menyu imefika wapi.

"Nimebadilisha, mjomba. Mkokoteni nimeutoa."

"Umeandika pakacha?"

Akaipanga upya pakiti ya mdalasini ambayo haikuhitaji kupangwa. "Nimeandika kapu. Pakacha nimelipenda mjomba, wallahi, lakini wateja wangu wengi wako Dodoma na Mwanza." Kisha, labda kwa kunihurumia, akaongeza kwamba hata hicho kitufe wengi hawakigusi. Wanapiga picha ya kioo cha simu, wanamtumia WhatsApp, wanaandika: niwekee hii, jioni nitatuma pesa kwenye lipa namba. Mama wa Korogwe naye sasa anaagiza hivyo hivyo.

Niwekee. Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikamwambia kwamba hilo ni tendo, na mimi nazungumzia nomino.

Barua ya tatu kwa kamati nimeipeleka posta Jumatatu iliyopita, na safari hii nimeambatisha kielelezo, kimesukwa kwa kuti bichi, kidogo, cha kutosha machungwa manne. Binti wa kaunta alikigeuza huku na huku, akakiweka kwenye mizani, akaniuliza ndani mna nini ili aandike kwenye fomu. Nikamwambia hamna kitu.

Akaandika: pakacha tupu.