Robert Serumaga: Mwigizaji Aliyepunguza Maneno

Robert Serumaga (1939–1980) hutajwa zaidi kama mwandishi wa tamthilia wa Uganda. Katika insha hii ninamtazama kwanza kama mwigizaji. Ninadai kwamba uandishi wake na uongozaji wake ulifuata jambo ambalo mwigizaji hulijua mapema: mwili husema hata pale ambapo maneno ni hatari au hayaeleweki.

Baada ya kusomea uchumi Trinity College, Dublin, Serumaga alirudi Kampala na kushiriki kuunda kundi la Theatre Limited. Aliandika, akaongoza na kupanda jukwaani mwenyewe. Tamthilia zake za mwanzo, A Play (1967) na The Elephants (1970), ni za Kiingereza na zimejaa mazungumzo. Ziliwafaa wasomi wa mjini. Majangwa (1971) inahusu mume na mke waliowaburudisha watu barabarani, na umati ukawadai zaidi na zaidi mpaka wakauza utu wao. Hapo tayari Serumaga anauliza mwigizaji ana deni gani kwa anayemtazama.

Januari mwaka huohuo wa 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Akiwa na kundi lake la Abafumi, yaani wasimulizi, Serumaga aliandaa Renga Moi (1972), yenye ngoma, nyimbo na lugha kadhaa za Uganda. Kisha ikaja Amayirikiti (1974), ambayo karibu yote ni mwendo na sauti bila mazungumzo.

Mtu anaweza kusema kwamba aliacha maneno kwa kuogopa utawala. Hoja hii ina uzito. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji mwenzake, aliuawa baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC, Lagos. Hata hivyo, woga peke yake hauelezi Renga Moi. Anayejificha haongezi lugha. Naona Serumaga alikuwa pia akitafuta watazamaji ambao Kiingereza kiliwaacha nje.

Hapa katika makazi ya Nakivale, hoja hiyo inaeleweka kwa urahisi. Sokoni utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Igizo la lugha moja huwaacha wengine wakiuliza majirani, lakini mama anayetua mzigo wake chini kwa uchovu anaeleweka na wote.

Lakini ishara ina mpaka wake: haiwezi kumwondoa mtawala. Serumaga aliingia katika harakati za kumpinga Amin, na mwaka 1979 akawa waziri katika serikali ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68 tu. Alifariki Nairobi mwaka 1980.

Kwetu wanafunzi wa historia linabaki swali la vyanzo. A Play tunaweza kuisoma maktabani. Amayirikiti ilikaa katika miili ya walioicheza na macho ya walioitazama, na watu hao sasa ni wazee. Tukitegemea maandishi peke yake, tutaandika kwamba mwaka 1974 Serumaga alinyamaza, wakati ndipo alipokuwa akisema mengi zaidi. Tuwaendee wazee hao, na tusiwaombe watueleze kilichosemwa tu. Tuwaombe pia watuonyeshe kilivyochezwa.