Ukifika Dar es Salaam ulale wapi: Posta, Kariakoo au Mbezi?

Mwambie mtu yeyote kijijini kwamba unakwenda Dar es Salaam, atakuambia ufikie Kariakoo kwa sababu ndiyo katikati ya mji. Ushauri huo ni wa zamani, na wakati wake ulikuwa sahihi kabisa. Mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia Mnazi Mmoja na Kisutu, karibu na soko. Abiria alishuka na begi lake, akatembea kidogo, akaingia gesti. Baadaye stendi ikahamia Ubungo. Mwaka 2021 ikafunguliwa stendi mpya ya Magufuli kule Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Mlango wa mji umehama mara mbili, ushauri umebaki palepale.

Halafu mwaka 2024 mlango wa zamani ukafunguka upya kwa namna nyingine. Treni ya SGR kutoka Dodoma na Morogoro inashusha abiria wake katikati ya jiji, kati ya Posta na Gerezani. Kwa hiyo anayetoka Dodoma kwa treni anashukia karibu kabisa na pale alipokuwa akishukia babu yake, na anayetoka Singida kwa basi anashukia Mbezi. Hao wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, jiulize mambo mawili: unashukia wapi, na asubuhi ya shughuli yako unatakiwa kuwa wapi na saa ngapi. Kwa maoni yetu hili la pili ndilo zito kuliko yote. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali na hospitali kinaweza kukugharimu miadi uliyoisubiri miezi mitatu.

Posta na Kariakoo ni sehemu mbili

Watu wengi wa mikoani huzitaja kama mahali pamoja. Kwa miguu si mbali, lakini ziliumbwa tofauti. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika upande wa Kariakoo, na viwanja vya Mnazi Mmoja vikaachwa wazi kama mpaka. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mpaka ule wa rangi haupo tena, ila alama zake bado unaziona kwenye bei za vyumba.

Posta ni mahali pa ofisi, benki, mahakama na boti za Zanzibar. Hoteli zake nyingi ni za wageni wenye fedha au za watu wanaolipiwa na ofisi. Ofisi zikifungwa jioni, mitaa mingi hubaki mitupu, na mgeni anayetembea peke yake na mzigo saa 3 usiku huonekana kutoka mbali. Pia fahamu kuna Posta mbili: Posta ya Zamani iko Sokoine Drive, ukielekea Kivukoni, na Posta Mpya iko Mtaa wa Azikiwe. Ukimwambia mwenyeji wako "nimefika Posta", atakuuliza ipi.

Jambo lingine kuhusu Posta: kama safari yako ni ya kufuata jambo wizarani, piga simu kwanza. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara zimehama, na si wachache waliofunga safari ya Dar kumbe ofisi waliyoitaka iko Dodoma.

Wenye mfuko mdogo wanaolazimika kulala Posta wana njia mbili. Ya kwanza ni hosteli za mashirika ya dini, kama YWCA, YMCA na Luther House iliyo jirani na Kanisa la Azania Front. Ni safi na tulivu, lakini vyumba ni vichache, usifike bila kupiga simu. Ya pili ni Kisutu, mitaa ya Libya, Jamhuri na jirani zake. Huko kuna nyumba za wageni za kati, chakula hupatikana hadi usiku, na alfajiri unafika bandarini kwa mwendo mfupi. Kwa msafiri wa boti ya kwanza ya Zanzibar, ambayo kwa kawaida huondoka saa 1 asubuhi, tungemwambia alale Kisutu hata kama chumba kina bei kidogo. Ukilala Mbezi utalazimika kuamka saa 9 usiku, na bado hujui barabara itakuwaje.

Kariakoo inamfaa nani

Inamfaa mfanyabiashara. Kama umekuja kununua nguo, vyombo, vipuri au simu za kwenda kuuza kwenu, lala Kariakoo. Utalinganisha bei mitaa ya Congo, Aggrey na Narung'ombe, utarudisha mzigo chumbani, utatoka tena. Soko kuu lenyewe, lile jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na kujengwa upya, lakini biashara ya Kariakoo haikuwahi kuwa ndani ya jengo hilo peke yake. Iko kwenye kila ngazi na kila kichochoro. Panga safari isiangukie Jumapili, maana maduka mengi ya jumla siku hiyo hayafunguliwi au hufunguliwa nusu siku.

Gesti za Kariakoo nyingi ziko juu ya maduka. Zile nyumba za zamani za vyumba sita na ukumbi katikati zinazidi kupungua, maghorofa yanapanda. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama lifti inafanya kazi, hasa ukiwa na mzee au mzigo. Uliza kama kuna maji muda wote. Chumba kinachotazama mtaani kitakuamsha na mikokoteni kabla ya adhana, kwa hiyo omba cha uani.

Kuhusu fedha, usitembee Kariakoo na mtaji mzima mfukoni. Ziache kwenye simu au benki, utoe kidogo kidogo kwa wakala kadiri unavyonunua, na utolee ndani ya duka, si barabarani. Mtu anayekukimbilia stendi akisema anajua gesti nzuri au duka la bei ya kutupa, mwambie umeshapokelewa, kisha endelea kutembea.

Ukija hospitali, uliza Muhimbili ipi

Hapa ndipo tunaomba usome taratibu, kwa sababu kosa la mtaa linaweza kumuumiza mgonjwa.

Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, karibu na katikati ya jiji. Ndani ya eneo hilohilo kuna taasisi ya mifupa MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini kuna pia Muhimbili Mloganzila, ambayo iko nje kabisa ya mji, upande wa Kibamba. Anayekuja na basi kwa Barabara ya Morogoro huipita njia ya Mloganzila kabla hajafika stendi ya Mbezi. Mgonjwa aliyeandikiwa Mloganzila akafikia Kariakoo atakuwa amevuka jiji zima ili aje alivuke tena asubuhi. Soma barua ya rufaa. Kama imeandikwa "Muhimbili" tu, piga simu hospitali iliyokupa rufaa wakueleze kabla hujakata tiketi.

Wa Mloganzila alale Kibamba au Mbezi. Wa Upanga alale Kariakoo upande wa Jangwani na Fire, au Upanga penyewe akipata, ingawa gesti za bei ya kawaida Upanga ni chache. Kituo cha mwendokasi kilicho karibu na Muhimbili ni Fire. Ukishuka hapo unashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, na kwa mgonjwa chukua bajaji. Wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo ufukweni Barabara ya Barack Obama, aangalie Kisutu au hosteli za Posta. Wa CCBRT yuko Msasani, na huyo Kariakoo haimsaidii. Kinondoni, Mwananyamala au Mwenge ni afadhali.

Matibabu ya mionzi na mazoezi ya viungo huchukua wiki nyingi. Kwa muda huo gesti itakumaliza. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza kabisa, usingoje fedha ziishe, uwaeleze hali yako. Ukitaka kupanga chumba, jua kwamba wenye nyumba wengi Dar hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Mto Msimbazi na bonde la Jangwani

Kuna jambo moja ambalo wenyeji wanalijua na wageni hawaambiwi. Kati ya Magomeni na Kariakoo kuna bonde la Jangwani, unapopita Mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, hasa masika ya Machi hadi Mei, maji hujaa barabarani, mabasi ya mwendokasi husimamishwa, na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo. Magari yote hutafuta njia nyingine na foleni hufika mbali.

Maana yake kwa mgeni ni hii: Magomeni, Manzese, Sinza, Shekilango, Ubungo na Kimara, ambako gesti ni nyingi na bei yake ni nafuu kuliko Kariakoo, ziko ng'ambo ya bonde. Wakati wa kiangazi hilo halina shida. Mwendokasi, ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, hukupeleka Posta bila foleni kubwa. Lakini kama una miadi ya upasuaji Upanga mwezi wa Aprili, usilale Magomeni kwa kufuata unafuu wa bei. Lala upande wa Kariakoo usiku wa kuamkia miadi, hata kama siku nyingine ulilala kwingine.

Sinza na Manzese zina angalizo lake. Gesti nyingi huko ziko juu au pembeni ya baa, na baadhi hukodisha vyumba kwa saa. Ukiwa na familia, uliza wazi kama chini kuna baa.

Mbezi, na wale wanaofika usiku

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, watu wengi hufika Mbezi saa 10 au 11 alfajiri. Usikimbilie chumba. Gesti nyingi huhesabu siku hadi saa 4 asubuhi, kwa hiyo utalipa siku nzima kwa saa tano za kulala, kisha utaambiwa utoke au ulipe tena. Subiri ndani ya stendi kupambazuke, ndipo uingie mjini. Lakini basi likikufikisha saa 5 usiku, mambo ni kinyume: lala hapohapo Mbezi, usianze kutafuta Kariakoo usiku na watoto.

Ukipanga chumba kwa simu, sema "Mbezi Luis". Kuna pia Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, na watu hupelekwa na bodaboda upande usio wao. Wanaotoka Lindi na Mtwara huingia kwa Barabara ya Kilwa kupitia Mbagala. Muulize kondakta mwisho wa safari ni wapi, na kama shughuli yako iko Temeke au Kurasini hakuna haja ya kufika Kariakoo. Wa treni ya TAZARA atashukia makutano ya Barabara za Nyerere na Mandela. Buguruni na Temeke ziko jirani naye.

Na kwa ndugu je?

Wengi wetu hatulali gesti, tunafikia kwa shangazi au kaka. Ni jambo jema na linaokoa fedha. Ila ndugu wengi sasa wamejenga pembezoni: Chanika, Chamazi, Kivule, Goba, Bunju. Kutoka huko hadi Upanga unaweza kubadilisha daladala mara mbili, na wakati wa foleni safari ikachukua saa mbili au zaidi. Piga hesabu ya nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila siku. Kuna familia zimegundua kwamba kulala gesti usiku mmoja wa miadi na siku nyingine zote kwa ndugu ndiyo njia iliyowafaa, na mwenyeji hakukasirika alipoelezwa mapema.

Unapopiga simu gesti, taja idadi ya watu, uliza kama chumba ni self au choo ni cha pamoja, kama kuna feni na chandarua, na kama bei ni ya chumba au ya kichwa. Usitume malipo yote kwa namba uliyopewa na mtu usiyemjua. Sema utalipa ukifika na kukiona chumba. Mapokezi wataandika jina lako kwenye kitabu cha wageni na kutaka kitambulisho, na boti za Zanzibar na SGR nazo hukitaka. Asiye na kitambulisho cha NIDA wala cha mpiga kura achukue barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuondoka, yenye picha na mhuri.